Binti wa Muuza Saruji na Vidonge Vilivyogoma Kuyeyuka

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 6 Machi 1963, katika chumba cha nyuma ya duka la saruji la baba yake, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho. Kabla hajajua kusoma, alikuwa akipita kati ya mifuko akiigonga kwa kiganja, akisikiliza upi umeanza kuganda kwa unyevu. Wateja wakambandika jina la Daktari wa Mifuko. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza wateja, akamwomba awe anagonga kimyakimya.

Alisoma shule ya mtaani, kisha ya bweni, na mwaka 1987 akahitimu ufamasia chuo kikuu. Kaka yake, anayesoma wasifu huu, alibaki dukani, na hakuna aliyepunjwa katika mgawanyo huo. Mwaka 1988 aliajiriwa na kiwanda cha dawa. Mwaka 1990 alifunga ndoa na fundi mitambo wa hapohapo, baada ya kumkatalia kwanza kwa kosa la kuacha mlango wa maabara wazi. Walijaliwa binti mmoja.

Kazi iliyompa jina ilikuwa dawa ya fangasi. Dawa hiyo ilikuwa haiyeyuki kwenye maji. Ukiimeza, inapita tumboni kama mchanga. Marehemu aliichanganya na polima, kitu kama gundi kavu isiyodhuru mwili, ili chembe zake zishikwe zilivyotawanyika, zisikusanyike zikawa fuwele ngumu. Ikayeyuka. Akaiweka miezi mingi kwenye kabati la joto na unyevu, ikatoka salama. Ikaanza kuuzwa kwenye makopo ya plastiki, naye akampelekea mama yake kopo la kwanza, maana fangasi ilikuwa imemla mikono hata hasalimii mtu kwa mkono.

Mikono haikupona. Siku moja mwaka 1998, mezani, mbele ya wakwe, marehemu alimuuliza mama kama anakunywa dawa. Mama akasema anakunywa. Akamuuliza tena: "Mama, kweli unakunywa, au unataka tu kudekezwa?" Wakwe wakatazama sahani zao. Mama akaficha mikono chini ya meza.

Kwa ubishi tu, marehemu alilichukua lile kopo jikoni, lilikokaa karibu na birika, akavipeleka vidonge maabara apate ushahidi. Kwa macho havikuwa na kasoro. Majini vikagoma. Mvuke ulikuwa umeilainisha polima, chembe zikakusanyika, fuwele zikarudi, kama saruji iliyogandia ndani ya mfuko mzima. Yeye alikuwa amepima makopo yaliyofungwa; nyumbani hakuna anayekunywa dawa kopo likiwa limefungwa. Binti wa muuza saruji, na hilo halikumjia akilini.

Aliwaza kunyamaza. Mumewe anajua, na wasifu hauna sababu ya kuficha. Kisha akasimama kwenye kikao cha kiwanda akasema kosa ni lake. Dawa ikarudishwa kutoka madukani, naye akavuliwa ukuu wa maabara. Hilo alilibeba. Kilichomwia kizito ni kurudi kwenye meza ileile, mbele ya wakwe walewale, kumwomba mama radhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hata mimi nilishaanza kujiona mwongo, mwanangu," alisema.

Baadaye dawa ilirudi sokoni, kila kidonge kikiwa kimezibwa peke yake kwenye foili, na mikono ya mama ikapona. Ukimsifu kwa hilo, alikuwa akibadili mazungumzo.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Binti yake, mkali kama yeye, alikuwa akimuuliza kila asubuhi kama amemeza dawa, kisha anamuuliza tena. Wauguzi walimwonea huruma. Yeye hakukasirika, alifungua kinywa, akainua ulimi, akaonyesha. Alifariki dunia hospitalini Jumapili, tarehe 14 Aprili 2024.

Aliagiza asisifiwe, ila habari ya meza ile isomwe wakwe wakiwepo, nao wapo. Kaka yake alijadiliana naye sana apate kupenyeza sifa hata moja. Waliishia kwenye hii: kiwandani alisema mwenyewe, kabla hajaulizwa.

Ameacha mama, mume, binti na kaka. Apumzike kwa amani, na huko aendako asiulizwe mara mbili.