Hatua ya Tisa: Wasifu wa Dada Yetu, Mama Masjala

Dada yetu alizaliwa tarehe 8 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, iliyotazamana na stesheni ya reli. Kadi ya kliniki inasema tarehe 3. Aliagiza tarehe zote mbili zisomwe leo, kwa kuwa hakuwahi kupata ushahidi wa kuiondoa mojawapo, na mimi mdogo wake sina ubavu wa kubishana naye hata sasa.

Alianza shule ya msingi Januari 1964. Nilipoanza nami, tulikwenda pamoja, na kila asubuhi tukifika kona ya duka la viatu alisimama ghafla.

"Mlango tumeufunga?"

"Tumeufunga, dada."

"Umeuona, au unasema tu?"

Tulirudi. Mlango ulikuwa umefungwa, siku zote, kwa miaka minne. Mwalimu wa zamu alizoea kutuandika kwenye daftari la wachelewaji kabla hatujachelewa.

Alimaliza sekondari mwaka 1974, na tarehe 2 Mei 1977 akaajiriwa kuwa karani wa masjala katika idara ya maji. Alipokikuta chumba kile, faili ilipatikana kwa kukumbuka nani aliishika mwisho. Alipokiacha kwa kustaafu, tarehe 30 Juni 2017, ilipatikana kwa namba.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na seremala aliyekuja kutengeneza rafu za masjala hiyo. Alimwambia apime tena. Akapima tena, vipimo vikawa vilevile, na hakununa. Dada alisema hapo ndipo alipojua. Walijaliwa watoto wawili.

Wengine wakistaafu hufuga kuku. Yeye alijiunga na watu wanaojitolea kutengeneza programu huria ya kompyuta, ambayo zahanati ndogo huitumia bure kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mradi ulikuwa na wiki, yaani tovuti ya maelekezo ambayo kila mtu anaruhusiwa kuandika, na kwa hiyo hakuna anayejiona ana wajibu wa kufuta. Alikuta kurasa 412. Nyingi zilimwelekeza msomaji abonyeze vitufe vilivyokwisha kuondolewa. Akaanza kuzipanga upya, moja moja, na wenzake, ambao wengi hawakuwahi kumwona ana kwa ana, wakamwita Mama Masjala.

"Mama, hizi za zamani tuziache tu, ni historia," kiongozi wa mradi alimwambia kwenye simu.

"Historia iwekwe kabatini, mwanangu. Mezani ikae inayofanya kazi."

Juu ya kila ukurasa aliweka mstari: *Umejaribiwa na*. Mwandishi hakuruhusiwa kujijaribu mwenyewe. Mjaribu wake alikuwa shemeji yetu seremala, ambaye kompyuta alikuwa akiijua kwa kuifuta vumbi. Shemeji alisoma na kutenda; dada alikaa nyuma yake, mikono mapajani, midomo ameibana. "Usinieleze ulichoelewa," alimwambia. "Fanya kilichoandikwa." Ukurasa mmoja ulisema *subiri*, bila kusema nini. Shemeji alisubiri dakika arobaini.

Februari 2024 tumbo lilianza kumsumbua, na Mei madaktari wakasema ni saratani ya kongosho. Juni zikaja habari zilizomuumiza zaidi. Zahanati moja, kompyuta yake ilipoharibika, ilifuata ukurasa wa zamani wa kurejesha kumbukumbu kutoka kwenye nakala ya akiba. Ukurasa ule uliamuru kufuta kwanza na kuikagua nakala baadaye. Nakala ilikuwa mbovu. Kumbukumbu za wajawazito za miaka miwili zikapotea.

Hakuuandika yeye. Ulikuwa wa mwisho kwenye foleni yake kwa sababu ulikuwa mgumu kuliko zote, na hilo lilimkosesha usingizi. Kuufuta hakuweza, maana zahanati zingebaki bila maelekezo yoyote. Aliuwekea onyo jekundu, lakini miaka arobaini ya masjala ilikuwa imemfundisha kwamba onyo husomwa baada ya ajali. Wodini hakutuuliza habari za dawa. Alituuliza: "Leo ule ukurasa umefunguliwa mara ngapi?"

Alimaliza kuandika ukurasa mpya tarehe 17 Septemba. Alifariki Alhamisi tarehe 19, saa nne asubuhi, shemeji akiwa bado hajaujaribu.

Kiongozi wa mradi alipiga simu kutoa pole. "Baba, tunauchapisha ukurasa wake leo hii, kwa heshima yake."

"Haujajaribiwa," shemeji alisema.

"Lakini kauandika Mama Masjala mwenyewe."

"Ndiyo maana anatakiwa mtu mwingine."

Jana mchana, nyumba ikiwa imejaa watu, shemeji aliingia chumbani akafunga mlango. Waombolezaji walishusha sauti, wakijua analia. Nilipoingia, nilimkuta mbele ya kompyuta, kwenye hatua ya tisa ya ukurasa ule.

"Shemeji, hebu soma hapa," aliniambia.

Hatua ya tisa ilisema: chomoa flashi yenye nakala. Ya kumi ilisema: rejesha kumbukumbu kutoka kwenye flashi. Na kumbukumbu za zamani zilikuwa zimeshafutwa kwenye ya nane.

"Huwezi kulegeza jiriwa iliyobana mbao gundi ikiwa mbichi," alisema, kisha akageuka kuuliza. Kiti cha nyuma yake, alichozoea kukaa dada, kilikuwa na koti langu.

Akazibadilishia nafasi hatua hizo mbili mwenyewe, kwa kidole kimoja, akaanza upya kutoka ya kwanza. Saa kumi jioni kumbukumbu za majaribio zilirudi zote. Juu ya ukurasa akaandika jina lake na tarehe. Wa zamani umepelekwa kabatini.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, mdogo mmoja, na kurasa 268, kila moja ikiwa na jina la aliyeijaribu.

Pumzika sasa, dada. Mlango umefungwa. Sisemi tu, nimerudi, nimeuona.