Dada Waya, Fundi Aliyekalishwa Nyuma ya Simu

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, na imeniagiza nisipunguze kitu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda watu wapakwe mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, katika nyumba za wafanyakazi wa simu, mtoto wa kwanza kati ya wanne, na baba yetu, aliyekuwa fundi wa simu, alimzoesha tangu mdogo kukaa naye mlangoni akichambua nyaya za rangi mbalimbali, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Waya, na jina lake halisi likabaki la kwenye vyeti tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1988, kisha mwaka 1995 akapata nafasi chuo cha ufundi kusomea kompyuta, ambako darasani walikuwa wasichana wawili, mwenzake akaacha kabla mwaka wa kwanza haujaisha, naye akabaki peke yake. Kila kazi ya kikundi ilipotolewa, mwalimu wa maabara alimpa yeye kuandika ripoti, eti ana mwandiko mzuri, wavulana washike bisibisi. Alihitimu Novemba 1998, akiwa wa pili kwa darasa zima.

Februari 1999 aliajiriwa na kampuni inayofunga na kutunza kompyuta za hospitali na zahanati, akapangiwa chumba cha huduma, ghorofa ya tatu, chumba chenye madirisha yasiyofunguka na simu nne juu ya meza moja ndefu. Kiti chake kilikuwa karibu na birika, kwa hiyo kila mgeni aliyeingia alimwagiza chai kwanza, naye mwanzoni alikuwa akicheka, akawaambia wasubiri mwenye birika. Kwenye simu hapakuwa na cha kucheka. Mkuu wa maabara ya hospitali moja alipiga simu mitambo yake ikiwa imezima na wagonjwa wamejaa benchi, akasema, "Nipe fundi."

"Ndiye mimi, mzee, niambie imegoma wapi."

"Binti, sina muda wa mchezo. Niitie mwanamume hapo."

Malalamiko ya namna hiyo yalipozidi, meneja hakuwaambia wateja kitu, alimwambia yeye. Palikuwa na kijana mwenye sauti nzito, aliyeajiriwa baada yake, na dada ndiye aliyekuwa akimfundisha kazi. Meneja akawaketisha pamoja, akasema kuanzia siku ile Waya ataandika kwenye skrini, kijana atasoma kwenye simu. Wakafanya hivyo miaka na miaka, dada akisikiliza kwa kisikilizio na kuandika upesi, kijana akisoma kwa madaha kama mtangazaji wa redio, na wateja wakimwita daktari wa kompyuta. Mwanzoni yule kijana alikuwa muungwana, akimwambia, "Dada, bila wewe mimi ni kasuku tu," nao wakacheka pamoja.

Tarehe 14 Desemba 2002 dada aliolewa na shemeji yetu, seremala, ambaye yuko hapa mbele yenu. Walioalikwa wanakumbuka kwamba spika zilikufa katikati ya sherehe, bibi harusi akakunja shela lake, akapiga magoti nyuma ya mitambo mpaka muziki ukarudi, mama mkwe akashika kiuno, akauliza, "Jamani, tumeletewa mke au fundi?" Shemeji akajibu, "Vyote viwili, mama, kwa harusi moja." Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 2004 na mtoto wa kiume mwaka 2008.

Mwaka 2009 nafasi ya mkuu wa mafundi ikawa wazi, naye alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka likizo ya uzazi, na ilipotangazwa akapewa yule kijana wa kusoma kwenye simu, kwa maelezo kwamba wateja wameshamzoea. Shemeji anasimulia kwamba alimkuta jikoni, mkoba ungali begani, akamwambia, "Baba watoto, kumbe miaka yote hii nilikuwa namlea bosi wangu." Alilisema kwa utani, lakini chakula hakukigusa.

Agosti 2016 aligundua kwamba nakala za akiba za kumbukumbu za hospitali moja hazihifadhiwi, mtambo ulikuwa unaonyesha kazi imekwisha na ndani hamna kitu. Akasimama kikaoni, akasema wazi kwamba siku mtambo mkubwa ukifa, kumbukumbu za wagonjwa zitakwenda nao. Mkuu wake, yule yule aliyekuwa akimsemea kwenye simu, akatabasamu, akamwambia, "Dada Waya, nyumbani leo kumeamkaje? Punguza presha." Chumba kizima kikaangua kicheko, kikao kikaendelea na mengine. Mwezi uliofuata mtambo ulikufa, kumbukumbu za kliniki ya moyo zikapotea, na mama mmoja akapewa dozi isiyo yake, akapoteza maisha. Tunaomba samahani kwa ndugu zake kama wapo hapa, kwa kuwa dada alimtaja mama huyo mpaka mwisho wake, ingawa hakuwahi kumwona.

Uchunguzi ulipofanyika, wakuu wa ofisi waliulizwa nani alikuwa na kazi ya nakala, wakasema ni Waya. Akauliza mbele yao wote, "Nilisema hapa hapa, mkacheka. Nani anakumbuka?" Kila mtu akatazama meza. Baadaye mwenzake mmoja, mwanamke kama yeye, alimfuata ngazini, akamwambia, "Nilisikia, shoga yangu, ila na mimi nina watoto." Dada alimjibu kwamba anaelewa, na kweli alielewa, na hilo ndilo lililomvunja. Akahamishiwa stoo, kuhesabu mashine zilizokufa, na huko mafundi wa hospitali waliendelea kumpigia kwa siri, wakimwomba, "Dada, tuelekeze, ila usiseme tumekupigia." Aliwaelekeza wote.

Binti yake alipochaguliwa kusomea kompyuta mwaka 2022, sisi tulishangilia, yeye akamwita pembeni, akamwambia akasome kitu kingine. Binti akatii, akaenda ualimu.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa, akaacha kazi, akawa mtu wa kwenda kusafishwa damu kila wiki. Hatusemi kazi ilimwua, madaktari hawakutuambia hivyo, tunasema alichoka mapema. Siku zake za mwisho alimwambia binti, "Mwanangu, nilikuzibia njia. Nisamehe." Binti akamshika mkono, akasema, "Hukunizibia, mama. Nilikuwa nakuona unavyorudi nyumbani." Wakalia wote wawili. Tarehe 11 Mei 2025, asubuhi, dada alitutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mliotupikia na kutuazima viti, na mafundi wa hospitali mliokuja leo mchana kweupe, bila kujificha. Tunaishukuru pia ofisi yake ya zamani kwa maua. Mkuu wake yuko kati yetu, tunamshukuru kwa kufika, ameomba azungumze machache kuhusu marehemu, na familia imekaa, imetafakari, imeona amekwisha kumsemea vya kutosha.

Dada yetu, mama wa watoto wetu, fundi, tumekusindikiza mpaka hapa tunapoweza. Lala, upumzike kwa amani.