Mti Uko Likizo

Benchi letu liko mbele ya jengo la tatu la mtaa wa Dixon, karibu na uwanja wa ndege, kati ya kituo cha basi na maegesho ya magari. Kila baada ya dakika mbili tatu ndege hupita juu yake ikiwa imeshusha magurudumu, nasi hunyamaza mpaka ipite. Miezi ya baridi benchi huzikwa na theluji. Alhamisi ile ya kwanza ya mwezi wa Mei, theluji ilikuwa imebaki rundo moja tu pembeni mwa maegesho, jeusi kama mkaa, na mbao za benchi zilikuwa zimekauka. Watu walitoka nje kama waliofunguliwa mlango. Akina mama walisukuma vigari vya watoto bila makoti, na juu kwenye ghorofa ya nne mtu alikuwa akikung'uta zulia huku anaimba. Sisi wa benchi ni watatu. Gaspard tunamwita Direkta, maana kwao Bukavu alikuwa mkuu wa shule. Hapa anaendesha teksi, lakini bado anatusahihisha. Zaheer wa Nairobi tunamwita Kaptura, kwa sababu tarehe mosi Aprili huvaa kaptura, hata theluji ikianguka, na haivui mpaka Oktoba. Mimi, Abbasali wa Lindi, wananiita Taratibu. Wanasema nikianza sentensi, wao humaliza kikombe kabla sijaimaliza. Siku ile nilishuka na themosi ya kahawa, na mfuko wangu wa Alhamisi, na kitoroli cha sokoni ambacho ndani yake mlikuwa na chungu cha udongo, na katika chungu kulikuwa na kijiti kimoja kirefu kisicho na jani.

Kaptura: Taratibu! Saa nne asubuhi na hauko kazi? Umefutwa?

Mimi: Nimepewa likizo.

Kaptura: Uliomba?

Mimi: Sikuomba. Supavaiza aliniita. Akasema tangu Januari sijakosa hata siku moja. Akasema nikae nyumbani wiki nzima, majira mazuri yamefika, nipumzike, nifurahi.

Direkta: Amesema ufurahi?

Mimi: Ameandika kwenye karatasi.

Direkta: Bon. Basi hiyo ni amri.

Kazi yangu ni kukunja mablanketi ya ndege. Yanakuja machafu, yanafuliwa, nayakunja. Tangu tumzike mke wangu, Mama Farheen, mwanzoni mwa Januari, nilikuwa nikiyakunja bila kuinua kichwa. Jumatatu, siku ya kwanza ya likizo, niliamka alfajiri, nikaswali, nikakunja mablanketi yote ya nyumbani. Nikayakunjua. Nikayakunja tena. Jumanne hivyo hivyo.

Kaptura: Likizo ni kulala, maze. Unalala mpaka unachoka, alafu unalala kwa sababu umechoka.

Direkta: Hapana. Likizo ni kutembea. Angalia watu wa hapa. Wanatembea bila kwenda mahali, halafu wanarudi.

Kaptura: Na wakirudi?

Direkta: Wanasema ilikuwa nzuri.

Mimi: Nilijaribu jana. Miguu ikanifikisha kazini.

Walicheka, nami nikawamiminia kahawa. Kaptura akaonja, akafumba jicho moja.

Kaptura: Buda, hii ni ya kunywa ama ya kupaka?

Mimi: Tangawizi na iliki alikuwa akipima yeye. Mimi nakisia.

Akainywa yote. Kaptura ana mdomo, lakini si mtu mbaya.

Ndege ikapita. Ilipokwisha pita, nikawaeleza habari ya chungu. Tumeletewa karatasi chini ya milango: kesho Ijumaa saa tatu asubuhi balkoni zote ziwe tupu, mafundi wanakuja kuvunja saruji, na chochote watakachokikuta watakitupa. Nikaenda kutoa vitu. Kwenye kona nyuma ya ndoo nikaukuta mti huu umevikwa blanketi na kufungwa kamba. Aliufunga Mama Farheen mwenyewe, mwezi wa Novemba, kama alivyofanya kila mwaka. Hakukubali uingie ndani. Alisema joto la nyumba litaudanganya: utadhani majira yamefika, utachipua bure, halafu utakufa.

Mimi: Kama ni mzima, siwezi kuuingiza ndani. Kama umekufa, niutupe kwenye bomba la taka la jengo. Ndiyo nimeuleta kwenu. Mniambie. Ni mzima au umekufa?

Direkta: Binti yako anasemaje?

Mimi: Nilimpigia Farheen, huko Edmonton. Nilimuuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida ya watoto wa huku. Akasema, Papa, mama hayumo ndani ya chungu. Najua hayumo. Sikumuuliza hilo.

Kaptura akainama, akautazama mti kutoka chini mpaka juu, kama daktari.

Kaptura: Pole sana, buda. Huu umededi.

Direkta: Wewe unajua nini juu ya miti? Umekulia Ngara, katikati ya mji.

Kaptura: Ngara kuna miti!

Direkta: Kuna nguzo za umeme. Sikiliza, Taratibu. Mti huu umelala. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kaptura: Sasa utalipuka?

Direkta: Utachipua! Mti wa nchi hii ni mfanyakazi. Una mkataba. Kazi miezi sita, likizo miezi sita. Mti uko likizo, kama mwenyewe.

Nilipenda neno hilo. Nikauangalia ule mti na kwa mara ya kwanza wiki ile nikaona kuna mwenzangu. Lakini Kaptura akanyoosha kidole kwenye mti mkubwa wa kando ya kituo cha basi, ambao matawi yake yote yalikuwa yamejaa vijichipukizi vyekundu.

Kaptura: Na ule? Mbona ule umesharudi kazi?

Direkta: Ule ni mzaliwa. Huu ni mhamiaji. Unangoja karatasi zake.

Kaptura: Karatasi za mti!

Direkta: Vraiment, kweli kabisa. Taratibu, mbegu yake ilitoka wapi?

Mimi: Sijui. Labda Lindi. Alikwenda kumzika mama yake, akarudi na vitu vingi.

Direkta: Unaona! Mti wa Lindi una saa ya Lindi ndani. Hapa unaambiwa ni Mei, wenyewe unajua ni masika. Hauelewi uvae nini.

Kaptura: Ngoja. Saa. Umesema saa. Machi serikali si ilisukuma saa za nchi nzima mbele? Nani aliuambia huu mti? Ulikuwa ndani ya blanketi! Uko nyuma saa moja.

Direkta: Saa moja si mwezi.

Kaptura: Kila mwaka saa moja, Direkta! Taratibu, mmekaa nao miaka mingapi?

Mimi: Sita. Au saba.

Kaptura: Saa saba hizo!

Direkta: Lakini Novemba wanairudisha.

Kaptura: Novemba unafungwa blanketi! Haujui kama imerudishwa!

Direkta akaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi nikahesabu kwa vyangu. Nilifika saa tano, nikapotea, nikaanza tena, na nilipofika mwisho sikujua tena nilikuwa nahesabu nini. Yule wa ghorofa ya nne alikuwa amemaliza zulia, sasa anakung'uta mito. Jua lilikuwa zuri. Nasema kweli, jua lilikuwa zuri sana mgongoni, nami nilikaa chini yake kama mtu aliyepewa zawadi ya mtu mwingine.

Kaptura: Ama kwanza, ni mti gani?

Direkta: Mkomamanga.

Kaptura: Umejuaje?

Direkta: Taratibu ni mtu wa dini. Mkomamanga umetajwa kwenye Kurani.

Kaptura: Hata mtini umetajwa.

Direkta: Basi ni mmojawapo.

Kaptura akausogelea zaidi. Akaushika mti juu, akautikisa kidogo, akaniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda.

Kaptura: Nitasema kitu, na usikasirike. Huu si mti. Hii ni fimbo. Mama aliisimamisha iegemeze nyanya. Nyanya ikafa, fimbo ikabaki.

Sikujibu mara moja. Mimi sijibu mara moja jambo lolote, lakini hili lilichukua ndege mbili.

Mimi: Jana alasiri niliketi karibu nayo nikamsomea marehemu Yasini.

Kaptura: Si mbaya, buda.

Mimi: Kama ni fimbo, ni fimbo iliyosomewa.

Direkta: Nani anavika fimbo blanketi? Zaheer, fikiri!

Kaptura: Basi tupime. Tuvunje inchi moja juu. Ukilia ko, umekufa. Usipolia, ni mzima.

Alinyoosha mkono. Nami nilikuwa nimeshamshika kiganja kabla sijajua kama nimeinuka.

Mimi: Usivunje.

Kaptura: Buda, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Direkta: Hapo hiyo methali imeingiaje?

Kaptura: Imeingia yenyewe.

Mimi: Usivunje. Kama ni mzima tutakuwa tumeuumiza. Kama umekufa, umekufa. Maiti havunjwi.

Kaptura akarudisha mkono, akauweka juu ya goti lake lililo wazi, ambalo lilikuwa limesimama nywele kwa baridi, ingawa tangu asubuhi alikuwa akisema ni joto. Tukakaa. Ndege nyingine ikaja, kubwa, ya chini, mpaka vikombe vikatetemeka kwenye benchi. Ilipopita, Direkta akajipiga paji la uso.

Direkta: Ngurumo!

Kaptura: Ndege hiyo.

Direkta: Kwetu sisi ni ndege. Kwa mti ni ngurumo! Dalili ya mvua ni mawingu. Mti huu umekaa kwenye balkoni miezi sita, kila dakika mbili unasikia ngurumo, unasema, haya, mvua hiyo, najitayarisha. Mvua haiji. Ngurumo tena. Mvua haiji. Sasa umekata tamaa. Umesema, mimi sichipui tena kwa maneno.

Kaptura: Direkta, hiyo ni teksi inakusumbua. Umekaa sana kwenye gari.

Wakati huo mwanamke wa makamo alikuwa amekuja kutoka kituoni. Alivaa sare ya samawati ya wale wanaohudumia wazee majumbani, na koti lake alikuwa amelikunja mkononi.

— Habari zenu, wazee. Mimi naitwa Kwamboka. Nimehamia jengo la pili wiki jana. Nimesikia Kiswahili nikasema, basi langu nitalingojea hapa.

Direkta: Karibu, mama. Keti. Taratibu, mpe kahawa.

Niliinamisha themosi. Yakatoka matone matatu na machicha. Nikaona haya, kwa Mama Farheen mgeni hakuwahi kukuta themosi tupu.

— Usijali, baba. Nitakunywa siku nyingine. Na huo mti?

Wakamweleza wote wawili kwa pamoja. Mkataba, karatasi, saa saba, Kurani, nyanya, ngurumo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka koti kwenye benchi, akapiga magoti mbele ya kitoroli changu, akatia kidole kwenye udongo. Kidole kikakuta ukavu mtupu, na alipokitoa kilikuwa na vumbi jeupe. Akakipangusa kwenye sare.

— Na nani huumwagilia? aliuliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Direkta akaanza kukusanya vikombe. Kaptura alivuta kaptura yake kuelekea magotini, kama itafika. Ndege ikapita, nami nikatazama chini.

Nilikuwa na mfuko wangu wa Alhamisi miguuni. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha dua na chupa ya maji. Kila Alhamisi tangu tumzike, nikitoka kazini, nilijaza chupa ile jikoni, nikapanda basi, nikaenda kumwagia Mama Farheen kaburi kama ilivyo desturi yetu. Februari yote niliyamwaga juu ya theluji na yakaganda kabla ya kuzama. Nilisoma Fatiha juu ya barafu, nikarudi. Bomba la jikoni liko karibu na mlango wa balkoni. Ni hatua nne. Nilizihesabu pale pale kwenye benchi, na safari hii hesabu haikunipotea.

Nikaitoa chupa. Nikamwaga nusu.

Maji yalisimama juu ya udongo, kama hayakutakiwa. Kisha udongo ukatoa sauti ndogo, kama mtu anayemeza, na yote yakaenda.

Kaptura: Mwongeze, buda. Bado ana kiu.

Nusu iliyobaki ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa makaburini. Nilishika chupa muda mrefu. Sikujua ni yupi ninamnyima. Hata sasa sina hakika. Nikasema Bismillahi, nikaimwaga yote.

Hakuna aliyesema mti ni mzima. Hakuna aliyesema umekufa. Bomba la taka halikutajwa tena. Direkta alishika chungu upande mmoja, Kaptura upande mwingine, wakakitoa kwenye kitoroli na kukiweka mwisho wa benchi, penye jua zaidi, wakabishana kidogo upande gani uelekee kusini. Direkta alisema kesho yeye hana zamu, ataulinda asubuhi. Kaptura akasema Direkta atausomesha mpaka ufe kweli, afadhali alinde yeye.

Basi likaja. Ni basi hilo hilo ninalopanda kila Alhamisi kwenda makaburini, nami nilikuwa nimemwambia Kwamboka hivyo. Kwamboka alipanda, akageuka, akauzuia mlango kwa mkono.

— Baba, si umesema unakwenda huku? Huji?

Niliitazama chupa tupu. Niliwatazama wale wawili na kile chungu kilicholowa.

— Tangulia, mwanangu, nikamwambia, na dereva alinisubiri mpaka nikamaliza. Nitajaza maji, nije na linalofuata. Leo niko likizo.