Mzee Ludovick Chilewa, Aliyeomba Azikwe kwa Shuka Lake

Marehemu Mzee Ludovick Msafiri Chilewa aliacha ombi moja tu: azikwe siku ileile atakayokata roho, ndani ya shuka lake la rangi ya kutu, bila jeneza na bila kaburi la vigae. Alilisema mbele ya mkewe na mbele ya majirani wa Hombolo, akili zake zikiwa timamu, na mdogo wake akaandikiwa. Ninyi mlioketi chini ya turubai hili mnaliona jeneza jeupe lenye vioo pale mbele, na mmeshasikia kwamba kaburi la vigae liko tayari. Ratiba ya kamati imepanga wasifu usomwe wakati gari la kuleta mwili likisubiriwa. Basi vumilieni. Hautakuwa mtamu kama soda mlizoshika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Hombolo, mtoto wa kwanza wa Mzee Msafiri Chilewa na Bibi Maria Ndahani. Alifuatiwa na mdogo wake, Kefa, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Mama yao alipenda kusimulia kisa kimoja. Mwaka wa njaa, Ludovick akiwa mtoto, alipewa kipande cha nyama agawane na mdogo wake. Akakificha uvunguni. Kefa alilia, akagaragara, Ludovick hakukitoa. Wiki ilipopita, nyumba nzima ikaanza kunuka, na kile kipande kikavutwa nje kikitembea chenyewe kwa funza. Mama hakumchapa. Alimkalisha mbele yake akamwambia, "Haya, kula sasa. Si yako?" Marehemu alisema hiyo ndiyo hotuba pekee ya dini aliyowahi kuielewa papo hapo, ingawa ilimchukua zaidi ya miaka arobaini kuitii.

Alisoma Shule ya Msingi Hombolo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akachaguliwa kuendelea na sekondari mjini Dodoma. Huko hakufika mbali. Kidato cha pili alikuwa anawauzia wenzake karanga, sabuni, na hata majibu ya maswali ambayo yeye mwenyewe hakuyajua. Alipoitwa ofisini alitoa hoja kwamba walimu nao ni wateja wake. Hoja ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomfukuzisha.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na Bi Evarista, binti wa mkulima wa zabibu wa hapohapo Hombolo, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Evelina. Bi Evarista hakuwahi kuacha shamba lake la mizabibu, hata mumewe alipokuwa na uwezo wa kumnunulia mvinyo wa nchi zenye theluji. Mumewe alipomwambia apumzike, alijibu, "Nikipumzika utaniongelesha nini? Bei ya saruji?"

Kuhusu kazi, marehemu alianza na ufuta na mahindi. Rubi zilipofumuka Winza, kule Mpwapwa, mwaka 2008, akawa dalali. Wanunuzi walitoka Thailand na Sri Lanka, wakakaa kwenye vibanda vya mabati, tochi mkononi, wakichungulia mawe kama daktari anavyochungulia koo. Mwaka 2009 mmoja wao alimwalika kwao Thailand. Huyo jamaa alikuwa mpunjaji wa kutupwa. Marehemu alisema angeweza kukupunja hata salamu. Lakini asubuhi moja walipotoka hotelini, alipita mtawa wa Kibudha, mtu mzima, kipara, miguu peku, bakuli mikononi. Yule mpunjaji akavua viatu, akapiga magoti kwenye lami, akamwekea wali kama mtoto anayemtumikia babu yake. Mtawa hakusema ahsante. Aliendelea na njia. Ludovick alicheka mpaka akajishika mbavu. "Nikadhani nimeona mjinga anamlisha mvivu," alisema miaka mingi baadaye. "Kumbe kwa mwaka mzima, huo ndio ulikuwa muda pekee niliomwona yule bwana akiwa na uso wa mtu."

Alirudi, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Serikali ilipohamia Dodoma, kila aliyekuwa na kiwanja alitaka ukuta, na kila ukuta ulitaka saruji ya Ludovick. Akajenga nyumba hii tunamokutana leo, mtaa wa Area D, yenye mabomba ya rangi ya dhahabu na choo cha wageni ambacho wageni waliogopa kukitumia. Akanunua gari la kifahari, V8 ya bluu. Ndugu wakaongezeka. Watu ambao ukoo haukuwahi kuwasikia waligundua kwamba bibi zao walichota maji kisima kimoja na bibi yake.

Kilichomvunja kilitokea Septemba 2017, kwenye msiba wa mama yake. Yaliyotokea yatasemwa kama yalivyokuwa, kwa sababu wengi mliokuwepo mpo hapa. Marehemu alichinja ng'ombe, na kabla mwili wa mama haujatoka ndani, wanaukoo walikuwa wanagombania maini jikoni. Mama mmoja alionekana ameketi safu ya mbele akilia kwa sauti kubwa, na mchuzi unachuruzika chini ya kitenge chake, maana alikuwa amefunga minofu kwenye mfuko wa nailoni ukatoboka. Watu walisogeza miguu wasichafue viatu. Hakuna aliyeacha kuimba. Makaburini, Kefa akiwa ameshika udongo wa kumtupia mama yao, alimsogelea kaka yake sikioni.

"Kaka, lile la bluu utaniachia lini? Wewe si utanunua jingine?"

Ludovick alimtazama. Kisha akaenda nyuma ya gari hilohilo la bluu, akatapika. Alitapika mpaka nyongo. Watu wakasema huzuni imemzidi. Alimwambia mkewe jioni ile kwamba haikuwa huzuni, ilikuwa kinyaa, na kwamba kilichomtapisha zaidi ni kujitambua. "Evarista, hawa nimewalisha mimi. Hii harufu ni ya kwangu."

Akamtafuta mtawa mmoja wa Sri Lanka aliyekuwa akija Dodoma mara mojamoja kuwatembelea wanunuzi wa vito wa kwao. Akakaa naye, akamsikiliza. Mtawa alimfundisha kwamba mateso ya mtu yanazaliwa na tamaa yake, na kwamba tamaa haishibi kwa kulishwa. Mwaka 2018 marehemu aligawa mali. Duka aliwaachia wafanyakazi wake, nyumba na V8 akavikabidhi kwa ukoo, na ukoo ukawa Kefa. Akanyoa kichwa, akavaa shuka la rangi ya kutu, akapanga chumba kimoja Chang'ombe, hapahapa Dodoma, chenye mkeka na ndoo.

Hapo ndipo ukoo ulipotangaza kwamba Mzee amechanganyikiwa. Ni wajibu wa wasifu huu kutaja kwamba hakuna hata mmoja aliyerudisha kitu kwa hoja kwamba aliyempa hana akili. Kefa alimpeleka kwenye ile hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo mkazi wa Dodoma anaijua bila kutajiwa jina. Daktari alizungumza na mgonjwa kwa utulivu, kisha akatoka nje.

"Mzee wenu ni mzima. Anajua tarehe, anajua alichokitoa, na anajua aliyempa. Hili gari mlilokuja nalo ni la nani?"

"La kwake... yaani la kwangu," Kefa akasema.

"Basi mrudishe taratibu. Asije akapata ajali kwenye gari lake."

Asubuhi marehemu alitoka na bakuli, akapita uchochoro kwa uchochoro Chang'ombe, haombi kwa mdomo, anasimama tu mlangoni kidogo na kuondoka. Yule mtawa, mwalimu wake, alikuwa amemwambia kwamba muumini asiye mtawa kamili, mwenye nadhiri ndogo tu kama yeye, hahitaji bakuli. Ludovick alijibu kuwa mkono wake ulizoea kutoa ili uogopwe, na haujui kupokea, acha ujifunze. Wa kwanza kumpa alikuwa Bi Mwantum, Mrangi wa Kondoa anayepika chapati pale kona.

"Shikamoo babu. Leo ni chapati na maharage. Usiniangalie hivyo, hapa hakuna kuchagua."

"Marahaba, mwanangu."

"Na dini yako hiyo mimi siijui. Nakupa sadaka, hayo mengine utajuana na Mola mwenyewe."

Walidumu hivyo miaka sita. Ila Kefa hakulala. Sisi Wagogo tunatukanwa nchi nzima kwamba ni ombaomba. Mtu akitoka Dodoma akifika pwani, kabla hajakaribishwa kiti ameshaulizwa bakuli lake liko wapi. Siku moja Kefa alimfungia breki kaka yake mbele ya kibanda cha Bi Mwantum, akashusha kioo.

"Kaka, utatuua kwa aibu! Miaka yote tunawakatalia, wewe unakwenda kuwapelekea ushahidi! Tajiri wa rubi na bakuli! Watasema hata akiwa nazo, Mgogo ataomba tu!"

Marehemu alimsogezea bakuli dirishani. "Karibu, mdogo wangu. Chapati bado ya moto."

"Sili makombo mimi!"

Bi Mwantum akadakia kutoka kwenye kikaango. "Makombo? Baba, hiyo ni chapati nzima. Makombo ni hilo gari ulilokalia." Uchochoro wote ukaangua kicheko, na V8 ikarudi kinyumenyume mpaka barabara kubwa, maana pale haigeuki.

Msidhani kwamba Bi Evarista alimpigia makofi. Alichukia kuliko wote, na alikuwa na haki. Siku mumewe alipomwambia anataka kwenda kuwa mtawa kamili, alimjibu kwa swali. "Ludovick, mali umeiacha, sawa. Na mimi ni mali?" Ndiyo sababu hakufikia utawa kamili, akabaki na nadhiri zake ndogo. Bi Evarista akarudi Hombolo kwenye mizabibu yake, na kwa muda mrefu hakutaka kusikia jina lake.

Mwezi wa nane mwaka jana marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini, imeshatapakaa. Aliposhindwa kuzunguka na bakuli, alifika Hombolo, akasimama mlangoni kwa mkewe bila kubisha, kama alivyozoea. Bi Evarista alitoka akamtazama, macho ya njano, mbavu zinahesabika.

"Umekuja kuomba na hapa?"

"Nimekuja kuomba."

Akampisha mlangoni. Alimwosha, akamgeuza, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, na siku nyingine akamgombeza. Marehemu alisema kwamba katika kupokea kote, huko ndiko alikofaulu mtihani.

Kefa hakukanyaga Hombolo. Alichofanya ni kufungua kundi la WhatsApp la kamati ya mazishi, mgonjwa akiwa bado anakunywa uji, na kwa haraka zake akamwingiza shemeji yake. Bi Evarista akawa anamsomea mumewe. Walijadili rangi ya sare. Walijadili mshereheshaji. Mmoja aliuliza kama V8 ifungwe maua au utepe.

"Na jeneza?" mgonjwa akauliza.

"Jeupe, lenye vioo. Wanasema lazima liendane na hadhi yako."

"Mwambie Kefa aingie ajaribu. Kama halimbani, basi ni saizi yake." Walicheka wote wawili mpaka akakohoa. Kisha akamshika mkono, akarudia lile ombi lake. Shuka, udongo, siku ileile. Wabudha wengi huchoma miili; yeye aliomba udongo kwa heshima ya mama yake. "Nimewaachia kila walichokitaka, Evarista. Mwili huu wasiufanye tangazo."

Bi Evarista aliandika ombi hilo kwenye kundi, herufi kubwa. Likajibiwa na alama ya dole gumba, na mjadala wa vigae ukaendelea.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, asubuhi, kitandani kwa mkewe, zabibu zikiwa zinaiva. Kefa alipigiwa simu saa hiyohiyo. Akaagiza msiba ukae Area D, mazishi yawe Jumapili ili wakubwa wapate nafasi, mwili uletwe na mjane siku hiyohiyo, na picha ya marehemu akiwa amesimama kando ya V8 itumwe haraka kwa ajili ya jalada la kijitabu cha wasifu. Kamati ikamwachia mjane wasifu, akaupeleka mwenyewe kwa mchapaji. Wao walikagua picha. Hakuna ndugu aliyeuliza mwili umelazwa wapi. Hakuna aliyesema, nakuja nimwone.

Kwa hiyo mnaochungulia barabarani, rudini mketi. Gari mnalolisubiri haliji. Mzee Ludovick alizikwa Hombolo Alhamisi ileile jioni, kwa kibali cha mwenyekiti wa kijiji, pembeni ya mizabibu, ndani ya shuka lake. Majirani walichimba. Bi Mwantum alitoka Chang'ombe na kanga yake begani, akasimama upande wa wanawake, akamwombea kwa Kiarabu. Mjane alisema alichokisema kwa sauti ya chini, na hakitaandikwa hapa. Hakuna aliyeahidiwa chakula, na hakuna aliyekosekana kati ya waliompenda. Jeneza hili na lile kaburi havina mtu. Ni mali, na kwa kuwa ni mali, ukoo unajua namna ya kugawana.

Marehemu ameacha mjane, Bi Evarista. Binti yake, Evelina. Mdogo wake, Kefa. Na ukoo ambao idadi yake hutegemea kilichopikwa. Anayetaka kumuaga anakaribishwa Hombolo siku yoyote, aje mikono mitupu.

Yeye yuko katika amani yake tangu Alhamisi. Tumwache alale.