Nyumba ya Mbaha Isiezuliwe

Sogeeni, wanangu, Kilian na wewe Valeria, mniinue mgongo kidogo, nina maneno ya kuwaachia na pumzi inaniishia.

Shamba la kahawa gawaneni bila kutiana aibu mbele ya majirani. Nyumba ya baba yangu kule Mbaha, kando ya ziwa, ndiyo inayoninyima usingizi. Kilian, nasikia unataka kuiezua, mabati yaende kwenye ujenzi wako Mbinga, kwa kuwa hakuna anayekaa mle.

Mwaka ule wa Azimio nilikuwa nafundisha Ukata, na wanafunzi wangu wakasoma kitabuni bila kukwama hata kidogo: “Kungu walipotanda ziwani, kina mama walitoka na vikapu, na jioni watu wakala wakashiba.” Nikauliza walikula nini. Emerensiana, binti mwenye sauti kama redio, akasimama: “Walikula ukungu, Mwalimu. Labda kule chakula hakuna.” Darasa zima likaingiwa na huruma, wakataka tuwapelekee maharage.

Wangejuaje? Ukungu waliamka nao kila siku, ziwa hawakuwahi kuliona. Basi tukashuka milima kwa miguu, tukalala katika nyumba ile. Asubuhi moshi mweusi ulisimama juu ya maji hadi mawinguni, watoto wakang'ang'ania gauni langu wakidhani ziwa linaungua. Upepo ukauleta ufukweni, na ule moshi ukawa wadudu wadogo wasiohesabika, ndio kungu wenyewe, wakatua vichwani mwetu, na kina mama wakawazoa kwa vikapu, wakafinyanga mikate, tukala.

Nikamwambia Emerensiana asome tena. Herufi zilikuwa zilezile. Alipofika “wakashiba” akatazama maji, akatazama kitabu, akasema polepole, “Mwalimu, kumbe ziwa limo humu.” Wanangu, nikapiga ishara ya msalaba.

Tangu hapo kila mwaka watoto wa Ukata hulala mle. Ufunguo apewe mwalimu wao.

Usilie, Kilian, wala usiniahidi kitu. Anayelia huahidi chochote. Wewe hukuwahi kushuka nao. Nenda na watoto wa mwaka huu, ulale nao, asubuhi uwasikilize wakisoma. Ukirudi bado unayataka mabati... yachukue, sitakulaumu.

Mungu awape macho, wanangu... awape na wa kuwaonyesha. Nilazeni sasa. Taratibu... hapo. Hapo panatosha.