Sumaku, Mchezaji Asiye na Kombe

Ndugu, majirani na marafiki, kwa niaba ya mama na wadogo zangu wawili, nawasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Sumaku kwa jinsi mpira ulivyoganda mguuni mwake.

Baba alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa nne wa fundi seremala, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, na ni hapo shuleni ambapo mwalimu wa michezo alimwona akiwapiga chenga wakubwa zake, naye yuko pekupeku, akampeleka timu ya vijana ya reli.

Mwaka 1978 alipandishwa timu ya wakubwa, akacheza pamoja na mjomba wetu, beki na nahodha, ambaye mwenyewe husema mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kupandia ngazi tu. Mwaka 1983 baba alimuoa dada wa nahodha huyo, ndiye mama yetu, wakajaliwa watoto watatu. Mjomba alihamia timu nyingine, akachukua ubingwa mara tatu, baba akabaki, akaumia goti mwaka 1985, wiki ya nusu fainali, na mpira wake ukaishia hapo, bila kombe hata moja.

Mwaka uliofuata alifungua kibanda cha kinyozi karibu na stendi, na humo ubishi haukuisha, mchezaji apimwe kwa kipaji au kwa makombe, hata wateja wengine wakakaa nusu saa na upande mmoja wa kichwa haujanyolewa.

Mwaka 2009 mtangazaji mmoja alisema redioni kwamba Sumaku hana nafasi kati ya wakubwa, kwa kuwa hakushinda kitu. Mjomba alipiga simu studio, akasema makombe yake yote angeyatoa ili acheze mechi moja kama shemeji yake. Tulidhani baba angefurahi, kumbe alivua aproni, akamfuata mjomba nyumbani kwake, akamwambia mbele ya mama, “Shemeji, wewe ulikuwa unakimbia mazoezi mvuani mimi nimelala. Usidharau jasho lako ili unipambe mimi.”

Mjomba akamuuliza kama basi anakubaliana na yule mtangazaji.

Baba akasema, “Sikushinda, na mpaka leo inaniuma. Lakini nilicheza, na watu waliona.”

Kuanzia siku hiyo hakubishana tena, wateja walibishana, yeye akanyoa.

Novemba mwaka juzi aligundulika ana ugonjwa wa figo, na mjomba ndiye aliyempeleka hospitali kila wiki, mpaka Jumanne tarehe 4 mwezi huu, saa nne asubuhi, alipofariki, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliotuletea viti na maji, na vinyozi wenzake mliofunga kazi leo. Wapo humu waliomwona akicheza mara moja tu, wakiwa watoto, na wapo aliowanyoa miaka ishirini bila kujua kwamba aliwahi kugusa mpira, nyote mmekuja, na nyote tunawashukuru sawasawa.

Baba, pumzika, amani iwe nawe.