Tata Badibanga, Aliyekataa Kufa Kidogo

Baba paroko, wakwe, majirani na ninyi nyote mliolala nasi matangani, tunawasomea safari ya Tata Badibanga Kalonji, aliyezaliwa Mutoshi tarehe 9 Juni 1941, mtoto wa mchimbaji aliyeletwa kutoka Kasai, akasoma kwa wamisionari hapa Kolwezi, ambako aliondolewa kwaya mara mbili kwa kucheka wakati wa misa, akarudishwa mara mbili kwa kukosekana sauti nene nyingine.

Tarehe 3 Februari 1962 aliajiriwa mgodini, akaendesha mashine za kuchimba hadi mgodi wa Mashamba, na tarehe 20 Agosti 1966 alifunga ndoa na Mama Henriette Kisimba, binti wa Katanga ya kaskazini, ambaye baba yake alitabiri kwamba mkwe huyu angeila mahari yake mwenyewe, neno lililotimia, maana alikula kwao kila Jumapili. Mungu akawajalia Simone, Stany na Josée.

Aprili 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, familia ililala majuma matatu stesheni ikingoja treni, na Tata, aliyekuwa hajalia bado, alilia pale wakwe walipoleta samaki wa safari wakashindwa kumtazama usoni. Walishushwa Mwene-Ditu, huko Kasai, kwa mababu asiowajua, ambako Chiluba chake, lugha ya huko, kilichekesha soko zima, wakamwita Mukatanga.

Oktoba 2002 walirudi, naye akaenda ofisi ya pensheni, ambako karani alimwambia kwa upole, «Pole tata, huku uliisha kufa,» kwa kuwa waliopanda treni na kutoonekana tena waliandikwa marehemu wote, ila mjane angeweza kulipwa. Mama Henriette, aliyeugua presha bila dawa, akamsihi, «Tata, ukubali kufa kidogo.» Akajibu mbele ya ofisi nzima, «Mi siyakufa, balinifukuza tu,» na njiani akamweleza kwamba akikubali yeye, wenzake wa treni watabaki makaburini, na wengine hawana hata mjane. Jioni hiyo Mama hakumwekea bukari, akisema wafu hawali.

Basi kila Jumatatu Tata aliwakusanya waliofukuzwa katika ua wa ofisi, wakajiimbia nyimbo za mazishi, hata wapita njia wakaanza kutoa rambirambi, mpaka tarehe 11 Machi 2004 mkurugenzi mpya, Mama Odile Mukalay, alipotoka, akampa kila mmoja mkono, akaagiza, «Mikono yabo iko moto, mubaandike!» Mama Henriette akapata dawa, na Tata akapata bukari.

Septemba 2016 figo zilimlaza hospitali, kando ya Mama Ernestine, mkimbizi wa vita vya kaskazini asiye na kadi ya matibabu, na daktari alipokuja na sindano, Tata alificha mkono chini ya blanketi, akisema, «Anza na ule mama,» akamtuma Stany ofisini kwa Mama Odile, zinakotolewa kadi hizo, asirudi bila kadi ya mama huyo. Stany akarudi nayo. Tata alituacha tarehe 2 Novemba, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wenzake wa Mashamba, na yule karani wa pensheni, aliyelia kuliko sisi. Tunamshukuru pia Mama Ernestine, aliyefika hapa kwa miguu yake mwenyewe, na tangu jana amekataa kukaa, anapikia matanga.

Tata Badibanga, pumzika sasa kwa amani ya Bwana.